Kipokezi cha fiba: kukifunga, kukisakinisha au kukirekebisha?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa kifaa cha kupokea intaneti ya fiba majumbani. Nimeandika: "Sakinisha kipokezi ukutani, kisha rekebisha mawimbi." Fundi niliyemsomea alicheka, hakusema kwa nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Nadhani kilichomchekesha zaidi ni nusu ya pili. Lakini tuanze na ya kwanza, maana ni nyepesi.

Kusakinisha kunatokana na sakini, yaani kukaa mahali, ukoo mmoja na maskani. Siku hizi kitenzi hiki kimehamia kwenye programu za simu na kompyuta. Kitu cha kushikizwa kwa skrubu hufungwa: tunafunga feni, tunafunga pampu, tunafunga king'amuzi. Kusimika ni kwa vya kusimama, kama nguzo na minara (na maaskofu, ila hayo ni mengine). Basi andika "Funga kipokezi ukutani." Chunga tu kauli ya kutendewa. "Mteja amefungiwa kipokezi" haina shida, lakini ukisema "mteja amefungiwa intaneti" wengi watadhani hajalipa bili. Hapo sema "ameunganishiwa".

Sasa hilo la kurekebisha mawimbi. Hiyo ni lugha ya antena: mmoja yuko juu ya bati anazungusha, mwenzake sebuleni anapiga kelele "hapo hapo, usiguse!" Ndani ya uzi wa fiba hupita mwanga, tena usioonekana kwa macho, na kipokezi cha nyumbani hakina cha kuzungusha ili mwanga uongezeke. Mtazame fundi taa ya LOS (ya kuonya kwamba mwanga haufiki) inapowaka nyekundu. Anachomoa kichwa cha uzi, anakifuta ncha, anakichomeka tena mpaka kilie "ta". Bado nyekundu? Anaufuata uzi hadi nyuma ya kabati, alipoukunja mtu wakati wa kupanga vyombo, anaunyoosha. Halafu anapima mwanga. Mwanga ukishakaa sawa, ndipo anapoingia kwenye mipangilio kuandika jina na nywila. Kuchomeka, kufuta, kunyoosha, kupima, kuingiza: kitenzi chako kimoja kimezifunika kazi zote hizo, na anayesoma mwongozo hajui mkono auweke wapi.

Kwenye uzi wenyewe, tenga kukunja na kuviringa. Uzi unaobaki huviringwa kwa duara pana. Ukikunjwa, mwanga huvuja pale kwenye kona, na kioo kilicho ndani kinaweza hata kukatika. Kuuita waya sitakugombeza, mafundi wenyewe husema hivyo, ila katika maandishi napendelea uzi.

Angalia pia kupanda na kushuka. Kipimo cha nguvu ya mwanga, kiitwacho dBm, hapa husomwa kwa namba hasi, na hasi 20 ni mwanga mwingi kuliko hasi 25. Ukiandika "namba ikipanda", mmoja ataelewa kinyume cha mwenzake. Andika "mwanga ukipungua chini ya hasi 27 dBm, mwite fundi."

Ningeiandika hivi: "Funga kipokezi ukutani. Viringa uzi unaobaki, usiukunje. Futa ncha, chomeka, kisha pima mwanga. Usichungulie ncha ya uzi." Nimechagua kuchungulia kwa makusudi: hatari ni kuisogeza ncha jichoni.