Muulize Shangazi: Paketi saba chini ya meza ya saluni

*Shangazi, habari ya kazi. Naishi Busia, upande wa Uganda, na nafanya kazi kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Mume wangu ni dereva wa lori la Juba. Akiondoka hukaa wiki mbili, tatu. Usiku watoto wakilala nafungua laivu za wauza nguo wa Kampala. Dada anainua gauni, anataja bei, wa kwanza kuandika "yangu" ndiye analipata. Natuma pesa kwa simu, kesho yake mzigo unakuja na basi. Siku hizi siufungui hata. Naupitishia kwa rafiki yangu mwenye saluni, anauficha chini ya meza. Ziko paketi saba pale, na moja sikumbuki niliagiza nini. Kuna viatu namba 38, na mimi navaa 40. Mwezi uliopita nilikula shilingi 1,400,000 za mabati alizotuma mume wangu. Nikakopa kwa simu kuziba pengo, nikakopa kwingine kulipa ule mkopo. Anarudi mwisho wa mwezi. Mimi ni mgonjwa au ni mjinga? Nimwambie?*

*Mama Watoto, Busia*

Mwanangu, kwenye hivyo viatu namba 38 ndipo nilipoiweka barua chini kwanza. Anayetaka viatu hununua vinavyomwingia. Wewe ulitaka kuwahi. Raha yako yote iko kati ya lile neno "yangu" na simu ya kondakta kwamba basi limefika. Ndiyo maana paketi hazifunguliwi: ndani mna nguo tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kwa kubahatisha, mara ipo mara haipo, hudonoa kitufe bila kuchoka. Laivu ni hivyo hivyo. Leo umewahi, kesho umewahiwa, keshokutwa huwezi kulala bila kujaribu. Vijana wa beti wanaijua hali hiyo vizuri kuliko mimi.

Mimi nilikuwa na wazimu wa vitenge. Nilikuwa nikiingia soko la Owino, Kampala, na noti zangu kwenye khanga, natoka na nauli ya taksi tu. Lakini jua lilikuwa likizama, miguu inauma, mwenye kibanda anafunga, narudi nyumbani. Simu haina magharibi. Ule ukurasa unaoteremka bila kuisha ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, na baadaye mwenyewe alijuta hadharani.

Mgonjwa au mjinga? Mjinga hapana. Daktari wa akili wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aliandika habari za watu wanaonunua bila kujizuia tangu 1915, kwa hiyo hukuianza wewe. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, kamari na michezo ya video zina vifungu vyao. Kununua bado hakujapewa chake. Chagua neno unalotaka, mkopo wa simu utakatwa tarehe ileile.

Usikope wa tatu. Chukua daftari la watoto, andika kila deni, la nani na la lini. Kisha omba mume wako pesa za ujenzi azitume moja kwa moja kwa mwenye duka la vifaa hapo Busia, akuandikie risiti. Zisipite kwenye laini yako hata kwa saa moja.

Usiku mkono ukiwasha, sikukatazi kutazama gauni. Andika bei yake kwenye daftari hilohilo, saa ngapi, na ulikuwa umekaa wapi. Ulipe baada ya chai ya asubuhi kama bado unalitaka. Nadhani utaona saa zinafanana, na kinachokusumbua usiku huo ni upweke wa kitanda kipana. Upweke huo ukiwa mzito, hulali, huli, usibaki na barua yangu tu. Hospitali ya rufaa ya Mbale haiko mbali nawe, ulizia kitengo cha afya ya akili. Mazungumzo na mtaalamu yamewasaidia wengi wa namna yako.

Kuna watakaokushauri uuze hizo nguo mtandaoni. Usithubutu! Ni kumpa mlevi funguo za baa. Mwenye saluni auze, yeye ana wateja wamekaa wakisubiri kusukwa.

Mwambie mume wako, ndiyo. Ila usimwambie kwa simu akiwa kwenye usukani njia ya Nimule. Mwache afike, aoge, ale, alale usiku mmoja. Asubuhi mpe daftari kabla hajauliza mabati. Atakasirika, ana haki. Mtu akikuta deni limeandikwa kwa mwandiko wa mke wake hugombana nalo tofauti na deni aliloligundua kwenye simu.

Na kabla hajafika, nenda saluni siku wateja ni wachache, mtandike mkeka, mfungue zote mbele ya rafiki yako. Ukiniandikia tena, niambie kwenye ile usiyoikumbuka mlikuta nini.