Maswali yenu: Pirates wamemaliza msimu, sisi wa huku ziwani tunafanya nini mpaka Machi?

Mwangaluka wasomaji wetu. Tangu ligi ya besiboli ya Marekani iishe meseji zenu zimekuwa nyingi, karibu zote za Mwanza na kandokando ya ziwa, na wengi wenu kumbe ni wa Pittsburgh Pirates, timu ambayo na mimi naipenda sana, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wenu.

Kaka habari za saa hizi. Mi niko Kirumba, naishabikia Pirates tangu Gift Ngoepe alivyoitwa timu kubwa. Sasa tangu Septemba timu haichezi, kijiweni washkaji ni Simba, Yanga na Pamba Jiji yetu, mi nabaki kimya utadhani sina timu. Hivi kuna cha kufuatilia au nisubiri tu ligi ianze?
*Kijana wa Kirumba*

Usisubiri ndugu yangu, tena mi nakwambia hii ndo miezi ya kufuatilia kuliko hata ile ya mechi. Mechi za jioni pale PNC Park, uwanja wa Pirates, mara nyingi zinaanza saa 12:40 jioni kwa saa zao, huku kwetu ni saa 7:40 usiku, na msimu una mechi 162, mtu mwenye kazi ya asubuhi ataziangalia zote hizo saa ngapi? Ila habari za Novemba mpaka Februari hazitaki ukeshe. Zikitoka usiku wewe umelala, asubuhi unakunywa chai unazikuta kwenye simu, na hapo unajua sawasawa na shabiki anayekaa Pittsburgh mwenyewe, hajakuzidi kitu.

Alafu timu kama yetu, isiyo na hela nyingi, inajengwa saa hizi. Chukua Januari 2018. Tarehe 13 Pirates wakampeleka Gerrit Cole Houston, pitcha (mrusha mpira) wao mkubwa, siku mbili baadae Andrew McCutchen akaenda San Francisco Giants. McCutchen alikuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) 2013, mwaka ambao Pirates walitoka kwenye misimu 20 mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, kuanzia 1993 mpaka 2012. Watu waliumia jamani. Kuna mashabiki walianza kukusanya saini wakitaka mwenye timu aiuze. Vichwa vya habari vyote ni McCutchen, McCutchen, na kule chini mstari mmoja tu, kwamba upande wa Pirates wanakuja Kyle Crick na kijana mmoja wa ligi za chini anaitwa Bryan Reynolds, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya ligi kuu.

Reynolds akapanda 2019, 2021 akachaguliwa All-Star, kikosi cha nyota wa ligi, Aprili 2023 akasaini miaka 8 kwa dola milioni 106.75, mkataba mkubwa kuliko wowote klabu hiyo iliwahi kutoa mpaka wakati huo. Na Januari ya mwaka huohuo McCutchen akarudi Pittsburgh, wakacheza timu moja, yule aliyeondolewa na yule aliyeletwa badala yake! Mi hii stori siichoki.

Kwa hiyo ukiona wamebadilishana wachezaji usiishie kwenye jina kubwa, shuka mstari wa chini, angalia yule chipukizi ana umri gani, anacheza ligi gani ya chini, nafasi gani, andika hata kwenye daftari. Na huyo Ngoepe wako, Aprili 26, 2017 kashika gongo mara ya kwanza ligi kuu akapata hit (pigo la kumfikisha salama kituo cha kwanza) kwa Jon Lester, pitcha wa Chicago Cubs, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kufika pale. Novemba ya mwaka huohuo akapelekwa Toronto Blue Jays. Aliyelala kusubiri ligi ianze alikuja kumtafuta kwenye kikosi hamuoni.

Kaka, kwenye mpira wa miguu tunajua kuna dirisha kubwa na dirisha dogo. Hawa wa besiboli usajili wao ukoje? Na mbona sijawahi kusikia ada ya uhamisho?
*Mwalimu, Nyamagana*

Mwalimu shikamoo, swali zuri hili maana ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi.

Dirisha la namna ya kwetu hawana. Kinachofungwa ni kubadilishana wachezaji, kunafungwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti ligi ikiwa inaendelea, World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikiisha panafunguliwa tena. Mchezaji aliyetimiza miaka 6 ya utumishi ligi kuu na mkataba wake umeisha anakuwa huru, anasaini anakotaka. Ambaye hajafika hapo bado ni wa klabu. Ile miaka 3 ya kwanza klabu ndo inamwambia utalipwa kiasi gani, na kima cha chini msimu wa 2025 kilikuwa dola 760,000. Akishatimiza miaka 3 mpaka afikishe 6 wanajadiliana, wakishindwana mchezaji anaandika namba yake, klabu inaandika yake, wanaenda mbele ya wasuluhishi, na hao wasuluhishi lazima wachague moja kati ya hizo mbili, hakuna kugawanya katikati. Mi kanuni hiyo naiona ya haki, inamlazimisha kila mtu ataje namba ya maana, ukizidisha umejipoteza mwenyewe.

Ada ya uhamisho kama ya kwetu haipo, mara nyingi mchezaji anabadilishwa na mchezaji, ndo maana nasisitiza yale majina madogo.

Ila mlango ninaoupenda kuliko yote ni drafti ya Kanuni ya 5 (drafti ni klabu kuchagua wachezaji kwa zamu), inafanyika Desemba. Kila klabu ina orodha ya watu 40 inaowalinda. Kijana aliyekaa ligi za chini miaka kadhaa na hajawekwa kwenye hiyo orodha, klabu nyingine inaweza kumchukua kwa dola 100,000, sharti wamweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, wakishindwa wanatakiwa kumrudisha alikotoka. Wengi wanaochukuliwa hivyo hawafiki mbali. Lakini Novemba 1954 Pirates waliutumia mlango huohuo wakamchukua kijana wa Puerto Rico kutoka Brooklyn Dodgers, Roberto Clemente. Akacheza Pittsburgh misimu 18, akachukua World Series mbili, 1960 na 1971, na Septemba 30, 1972 akafikisha hit ya 3,000. Kwenye ligi hakupata nyingine. Desemba 31 mwaka huo, ligi ikiwa imelala kama sasa, alipanda ndege San Juan kupeleka misaada kwa watu waliopigwa na tetemeko Nicaragua, ndege ikaanguka baharini. Leo ukiangalia mechi PNC Park utaona ule ukuta wa upande wa kulia umeenda juu, una futi 21 kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 21. Kwa hiyo Mwalimu, alikuja wakati ligi imelala na akaondoka wakati ligi imelala, na mi kila Desemba ikifika namkumbuka.

Kaka mi nauza dagaa pale Mwaloni. Mume wangu msimu mzima alikuwa anaamka usiku wa manane kuangalia besiboli, nikajipa moyo ikiisha atalala. Sasa ndo imekuwa mbaya zaidi, simu haishuki mkononi, mteja kasimama anataka kupimiwa yeye anasoma tetesi, bando la asubuhi mchana limekata. Nimfanyeje?
*Mama wa Mwaloni*

Pole dada, na huyo shemeji ananisoma naamini, kwa hiyo naongea na wote wawili.

Shemeji, tetesi za kila saa hazikusaidii kitu. Wengi wa wanaoziandika wanaambiwa na mawakala wa wachezaji, na wakala kazi yake ni kupandisha bei, ukisikia timu saba zinamtaka mtu ujue kuna anayefaidika na wewe kusikia hivyo. Fuata tarehe. Katikati ya Novemba klabu zinaamua chipukizi gani wanaingia kwenye ile orodha ya 40. Kabla Novemba haijaisha wanaamua nani wa kumpa mkataba wa mwaka unaofuata na nani wa kumwachia, hapo kuna watu wazuri wanaachwa bure kabisa na klabu ndogo kama yetu ndo inaokota. Mwanzoni mwa Desemba viongozi wa timu zote 30 wanakutana sehemu moja siku chache, hiyo wiki sawa, soma kila siku. Januari ni zile namba za usuluhishi, na tarehe 15 Januari inafunguliwa milango ya kusaini vijana wa nje ya Marekani. Katikati ya Februari mapitcha na makecha (wanaodaka mipira ya mapitcha) wanaingia kambini. Siku nyingine uza dagaa na mkeo.

Na bando, dada mwambie aache video. Ligi ina ukurasa wa maandishi tu unaoonyesha nani kasajiliwa, nani kaachwa, nani kabadilishwa, kwa tarehe na kwa timu. Unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, wa visiwani kule Nansio nao watumie huohuo. Mara moja asubuhi, mara moja jioni mzigo ukishafunikwa, inatosha kabisa.

Mkubwa, kila siku nasoma Paul Skenes anaenda Yankees, anaenda Dodgers. Ni kweli? Na mbona wenye hela wanaachwa wanunue dunia nzima?
*Musoma*

Skenes ni pitcha, Pirates walimchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, mwaka uliofuata akawa chipukizi bora, 2025 akachukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora, kwa wastani wa kuruhusu pointi 1.97 kwa mechi, kwenye timu iliyoshinda mechi 71 ikapoteza 91. Kwa hesabu ya ile miaka 6 ni wa Pirates mpaka msimu wa 2029 uishe. Klabu ikitaka kumbadilisha hakuna wa kuizuia, lakini hakuna kinachoilazimisha, na mi nasema kumtoa sasa hivi ni kuwakosea watu wa Pittsburgh ambao ubingwa wa mwisho waliuona 1979.

Ya hela ni kweli, inauma. Kikomo cha mishahara hakuna, kuna kodi tu kwa anayezidisha, na mwenye nazo anailipa anaendelea. Shohei Ohtani alisaini Dodgers Desemba 2023, miaka 10 dola milioni 700, na katika hizo milioni 680 atalipwa baadae mkataba ukishaisha. Dodgers wakachukua ubingwa 2024 na 2025. Juan Soto akaenda Mets, miaka 15 dola milioni 765. Sisi mpaka 2025 mkataba mkubwa ulikuwa ule wa Reynolds.

Jiandae pia na hili, makubaliano kati ya wenye timu na wachezaji yanaisha Desemba 1, 2026. Yalivyoisha mara ya mwisho wenye timu walifunga milango kuanzia Desemba 2, 2021 mpaka Machi 10, 2022, siku 99, hakuna mchezaji wa ligi kuu anayesajiliwa wala klabu kuongea na wachezaji wake. Na hoja ya kikomo cha mishahara lazima irudi mezani, kwa hiyo yafuatilie mazungumzo hayo, yanatuhusu sisi kuliko usajili wa mtu mmoja yeyote.

Kaka niko Bukoba, naambiwa majirani zetu Uganda wameshaingia kwenye hizi timu kubwa. Kuna ukweli? Na lini tutaona mechi kwa saa ya kibinadamu?
*Msichana wa Bukoba*

Kuna ukweli tena mkubwa. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, huko huko kati ya Kampala na Jinja, wakafuzu wakaenda kweli, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Miaka kumi baadae, 2022, Dodgers wakawasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na Pirates wetu nao walimsaini David Matoma, pitcha, Mganda. Wote walianzia ngazi za chini na safari ya kule ni ndefu, wengi hawaimalizi, Ngoepe mwenyewe alisainiwa 2008 akafika ligi kuu 2017. Lakini Januari 15 ikifika angalia na majina ya vijana wanaosainiwa kutoka Afrika, hayapewi nafasi kubwa, lazima uyatafute mwenyewe.

Kuhusu saa, jibu ni mwisho wa Februari. Pirates wanapiga kambi Bradenton, Florida, na mechi nyingi za kujiandaa zinachezwa mchana wa kule, saa 7:05, huku ni saa 3:05 usiku. Wiki ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa mbele, hapo inakuwa saa 2:05, umeshakula umekaa. Matokeo ya mechi hizo hayana maana yoyote, usijisumbue nayo. Angalia kuanzia raundi ya sita kwenda juu, wakubwa wakishatoka, ndo wanaingia wale vijana wenye namba za jezi za sabini na themanini, na hapo lile daftari la majina madogo liwe karibu na wewe.