Usimkodishie shamba mtu wa mialo kabla hajasema marudio yataenda wapi

Mkuu, usisaini. Hata hiyo advansi usiipokee.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Umerithi ekari nne kandokando ya kijito huko Geita, jamaa anataka kukodi miaka miwili aweke karasha (mashine ya kusaga mawe) na mialo ya kuoshea dhahabu, halafu "atasawazisha ardhi" akurudishie ulime. Unauliza kodi iwe kiasi gani, kibali kinatoka wapi, zebaki ina madhara gani na baadaye upande zao lipi. Neno hilo hilo la kusawazisha niliambiwa na mimi mwaka 2014, shambani kwa marehemu baba.

Kwenye mwalo, unga wa mawe unapitishwa na maji juu ya magunia, dhahabu inanasa. Wanakung'uta magunia kwenye beseni, wanatia zebaki ishike dhahabu na kukoroga kwa mikono mitupu, kisha wanalichoma donge zebaki iruke kwa mvuke. Unga uliobaki ndio marudio. Mpangaji wangu alipoondoka aliniachia kilima cha marudio kimo cha mtu, hatua chache kutoka kwenye mfereji unaoshuka kwenye majaruba ya mpunga ya majirani. Niliona ni uchafu tu, mvua itaulainisha.

Hapo nilikuwa bado sijakosea sana. Kosa lililonimaliza lilikuja baada ya miezi minne.

Zebaki mara nyingi inakamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mwamba, kwa hiyo marudio bado ni mali. Akaja mtu mwingine, akataka kuyanunua ayachenjue, yaani atoe dhahabu iliyobaki, kwa kemikali ya sumu iitwayo sayanaidi, palepale shambani. Nililipwa mara mbili kwa uchafu uleule, nikajiona nimepata akili kuliko kijiji kizima. Akachimba visima vya kuyaloweka, akatandika turubai la plastiki, kazi ikaanza.

Hakuna aliyeniambia kwamba marudio yaliyopita kwenye zebaki hayatakiwi kabisa kuwekwa kwenye sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa. Sayanaidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, na zebaki iliyosalia nayo inaiyeyusha. Zebaki ambayo ingelala ndani ya mchanga inageuka kitu kinachosafiri na maji. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 2020, unaitaja njia hii miongoni mwa zile mbaya kabisa zinazotakiwa kukomeshwa, pamoja na kukorogea zebaki unga wote wa mwamba, kuchomea dhahabu yenye zebaki mahali pa wazi na kuichomea kwenye makazi ya watu. Shambani kwangu ilifanyika zaidi ya moja.

Yule aliyeniletea mnunuzi alijiita fundi wa uchenjuaji. Nilimuuliza kuhusu zebaki, akanitazama usoni akasema, "Hiyo ni nzito, inazama inalala hukohuko, wewe lima tu." Mtu mwenye miaka kumi kwenye kazi ile! Alijua. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, kwa sababu nilimuuliza waziwazi, na jibu moja la kweli lingetosha. Alikula asilimia yake akahamia rashi nyingine, machimbo mengine mapya.

Mwezi wa tatu mvua ilipiga usiku kucha, ukingo wa kisima ukabomoka. Asubuhi bata wa jirani walikuwa wamelala kwenye maji, miguu juu. Ng'ombe wawili walikunywa wakafa mchana uleule. Niliuza pikipiki na sehemu ya shamba lenyewe kulipa fidia, na bado kuna mama mmoja pale ambaye hajaitikia salamu yangu tangu siku ile. Simlaumu.

Na ng'ombe ndio hasara iliyoonekana. Sayanaidi jua linaivunja taratibu. Zebaki haivunjiki. Ikifika kwenye tope la majaruba, vijidudu vya humo vinaigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, inaingia kwenye kambale, na hata kwenye punje za mpunga. Mama mjamzito akila samaki wa hivyo mara kwa mara, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda, na waathirika wake wapo mpaka leo. Majirani zangu wanakula kambale wa mfereji ule. Wanangu pia walikula.

Kuna wadau hapo juu wanakwambia umpe masharti ya kutumia ritoti wakati wa kuchoma. Ritoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea, ni nzuri, inazuia mvuke wa zebaki usiingie mapafuni, na mvuke ule hauna harufu wala hauonekani. Lakini haiokoi ardhi yako, kwa sababu zebaki iliyopotea wakati wa kukoroga imeshaingia kwenye marudio.

Ndiyo maana nasema swali ni moja: marudio yataenda wapi, na nani atayabeba kwa gharama zake? Akijibu "tutaona", mfukuze. Akijibu yatabaki palepale, mfukuze. Akisema kuna mtu atakuja kuyanunua, huyo mfukuze mbio. Na kama kijito kiko ndani ya mita 60 kutoka anapotaka kuweka mialo, hapo hakuna hata cha kujadili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya umbali huo. Chukua kamba, nenda kapime leo kabla giza halijaingia.

Umesema anarudi Jumamosi na karatasi. Muulize hilo swali mbele ya mashahidi, halafu rudi hapa utuambie kajibu nini.