Dokta, sukari ya paka wangu leo 24, kesho 2.6

SWALI

Shikamoo dokta. Samahani barua itakuwa ndefu, nina wiki tatu silali vizuri. Nina paka dume anaitwa Kibonge, ana miaka tisa, alihasiwa mdogo, na jina alipewa kwa haki kabisa maana alifika kilo saba. Miezi ya karibuni nikaona anakunywa maji mpaka anaingiza kichwa kwenye ndoo ya bafuni, boksi lake la mchanga linalowa lote, anakula kuliko zamani lakini uti wa mgongo unahesabika, mwisho akawa anatembea miguu ya nyuma imelala chini mpaka kisigino kama sungura. Nikampeleka kwa dokta wa mifugo hapa mjini, sukari ikaja 27 (kwa kipimo cha mmol/L), na kwenye mkojo imo, nikaambiwa ni kisukari. Nikapewa kichupa cha insulini na mabomba ishirini ya sindano ya kifuniko chekundu, nimchome yuniti 1 asubuhi na yuniti 1 usiku.

Siku kumi za kwanza afadhali. Nampima sikioni kwa mashine ya baba (baba naye ana sukari miaka mingi), asubuhi 18, mchana 10, jioni 17, na maji akapunguza. Mabomba yakaisha nikanunua mengine duka la dawa la mtaani, ya kifuniko cha rangi ya chungwa kama anayotumia baba. Hapo ndo mambo yakaharibika, 24, 23, 25, hata mchana 21. Nikaongeza ikawa yuniti 2, siku mbili hamna kitu, nikaweka 3, ikashuka 16, mchana 9, nikasema alhamdulillah. Jumamosi kaka yangu akaja toka Dar na boksi la vifuniko vyekundu. Jumapili saa moja asubuhi nikamchoma 3 kama kawaida, saa sita mchana namkuta chini ya kabati anayumba kama mlevi, napima 2.6! Nikampaka asali mdomoni akarudi. Usiku sikumchoma, kesho yake 26. Toka siku hiyo nikiona iko juu nachoma, ikiwa chini ya 15 naacha, na inapanda na kushuka tu sielewi. Mume wangu anasema ni mzee tumwache afe kwa amani, mama mkwe anampa wali na maziwa kwa huruma. Dokta, mbona haitulii, au dawa ni feki?

Mama Kibonge, Tanga

JIBU

Marahaba mama Kibonge, na pole. Dawa sio feki. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kila nikirudia nakwama palepale: chekundu, chungwa, chekundu.

Kachukue kichupa cha Kibonge sa hivi, kigeuze usome maandishi madogo. Naweka dau utakuta 40, yaani mililita moja ina yuniti 40. Ya baba yako itakuwa 100. Na mabomba yanatengenezwa kufuata hiyo namba, chekundu kwa dawa ya 40, chungwa kwa dawa ya 100, ingawa usiamini rangi peke yake, soma ubavuni pameandikwa U-40 au U-100. Kwa macho mistari inafanana, lakini mstari wa yuniti moja kwenye bomba jekundu unavuta 0.025 ya mililita, wa chungwa unavuta 0.01 tu. Kwahiyo ulipohamia chungwa ukavuta "1", Kibonge alipata 0.4. Ulipoweka 2 alipata 0.8. Ulipoweka 3 akapata 1.2, ambayo ni karibu na ileile ya kwanza, ndo maana ukaona 16 na 9 ukamshukuru Mungu. Afu kaka akaja na vyekundu, ukavuta 3, na safari hii ikawa 3 kweli, mara mbili na nusu ya alichopata jana yake. Ile 2.6 ilitoka hapo.

Sikulaumu hata kidogo, anayempa mtu kichupa cha 40 anatakiwa amwonyeshe bomba na kumwambia usinunue jingine kabla hajatoka mlangoni. Rudisha ya chungwa kwa baba, kwako libaki boksi moja tu, na leo hii mpigie dokta wako umsimulie kama ulivyonisimulia mimi pamoja na rangi. Sitashangaa akikurudisha kwenye 1 asubuhi na 1 usiku, maana paka anayeanza huwa anawekwa hapo au chini kidogo, kila baada ya masaa 12.

Halafu ukae hapohapo. Hii ndo inawashinda wengi, na wewe imeshakushinda, usiniambie haijakushinda. Mtu anapima asubuhi anaona 18 roho inamruka anaongeza dawa, jioni anaona 13 anaogopa anaacha, na mwili wa paka haujui ushike lipi. Namba ya asubuhi kabla ya sindano karibu kila mara iko juu kwa sababu dawa ya usiku imeshaisha nguvu. Unayotakiwa kuitafuta ni ile ya chini kabisa ya siku, ambayo kwa insulini za aina hiyo mara nyingi inakuja masaa manne hivi baada ya kuchoma, wengine inachelewa mpaka manane. Kama kule chini inagusa 5 mpaka 8, dozi inatosha hata kama asubuhi unaona 16. Ukiongeza kwa kuifukuza ile ya juu, unaizamisha ya chini, na ya chini ndo inaua haraka. Kubadilisha dozi subiri siku tano mpaka saba, badilisha nusu yuniti, na dokta wako ajue.

Na hiyo 26 ya Jumatatu usiihesabu kama dawa imekataa. Sukari ikianguka vile ini linamwaga akiba yake, ukaongezea na asali, ukaruka na sindano ya usiku, ulitegemea nini? Hiyo sheria yako ya chini ya 15 naacha nayo iache. Kwa anayeanza, 15 kabla ya sindano ni namba ya kuchoma, paka akiwa anakula. Ikiwa chini ya 11 hapo ndo usichome mpaka uongee na dokta. Na kama kagoma kula, simu kwanza sindano baadaye.

Kingine, 27 ya kliniki usiilinganishe na za nyumbani. Paka akiogopa sukari inapanda yenyewe, ukimtia kwenye kapu, bajaji, mbwa wanabweka kwenye foleni, hata paka mzima anaweza kuvuka 16. Ndo maana dokta mzuri huangalia mkojo na dalili, na akiwa na maabara anapima fruktosamini ambayo inaonyesha wastani wa wiki kama mbili zilizopita na haidanganywi na bajaji. Kwa Kibonge dalili zote unazo wewe mwenyewe kwa hiyo ugonjwa upo, ila kwa kumfuatilia namba za chumbani kwako zina thamani kuliko za kwangu mezani. Mashine ya baba inafaa, zile za binadamu huwa zinasoma damu ya paka chini kidogo ya ukweli, basi tumia hiyohiyo kila siku usichanganye mbili, na ikikuonyesha 2.6 iamini usianze kubishana nayo.

Chagua siku moja ya mapumziko, pima kabla ya kuchoma, afu kila masaa mawili mpaka yafike 12, andika kwenye daftari pamoja na alichokula na saa. Matone saba ya damu, sio mchezo, lakini siku hiyo moja itamwonyesha dokta wako kuliko mwezi mzima wa kubahatisha. Sikio likiwa la baridi damu haitoki, kwahiyo loweka soksi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kamua, lishikilie sikioni dakika moja. Paka mafuta ya mgando kidogo sana ukingoni ili tone lisimame kama shanga badala ya kupotelea kwenye manyoya, weka pamba nyuma ya sikio usije ukajitoboa wewe, toboa ukingo wa nje karibu na kile kimshipa, usilenge mshipa wenyewe. Afu bana na pamba sekunde kadhaa, mpe kipande cha samaki. Wiki ya pili atakuja mwenyewe akisikia mlio wa mashine, hilo nimeliona kwa zaidi ya paka mmoja.

Sasa wali. Mama mkwe hana nia mbaya, lakini mwili wa paka umeumbwa kwa nyama, wanga hauwezi vizuri, na chakula kikavu cha mifuko nacho mara nyingi kina wanga mwingi kuliko watu wanavyodhani. Cha kopo chenye nyama na wanga kidogo ndo bora. Kama kopo za kila siku hazilipiki, samaki au kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu vitasaidia kupunguza wali, ila akila hivyo tu miezi na miezi atakosa madini na vitamini, muulize dokta jinsi ya kujazia. Angalia sana hapa: wanga ukipungua, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ghafla, dozi iliyokuwa sawa wiki jana ikawa kubwa mno wiki hii. Kwahiyo punguza polepole, wiki moja mpaka mbili, na pima zaidi siku hizo, usimkatie wali siku moja kwa hasira. Mama mkwe mpe kazi, awe ndo mchemsha samaki rasmi wa Kibonge, utaona wali na maziwa vinapotea vyenyewe.

Asali iwe mahali mtu yeyote nyumbani anapajua. Chini ya 3.5 na bado ana akili zake, mpe chakula na upime tena baada ya robo saa. Anayumba au anatetemeka, mpake asali au glukosi ya maji kwenye fizi kwa kidole, usimimine kooni atapaliwa. Akidondoka kifafa, mpake asali kwenye fizi huku mwingine anatafuta usafiri. Na ukimchoma ukaona manyoya yamelowa, hujui imeingia yote au nusu, USIRUDIE, acha mpaka zamu ijayo. Mimi na udaktari wangu nilirudia kwa paka wangu mwenyewe, kumbe ya kwanza ilikuwa imeingia, nikakesha naye jikoni na kijiko cha asali mpaka adhana ya alfajiri. Upande wa pili, akigoma kula, anatapika, amelegea na sukari iko juu, hiyo ni kliniki siku hiyohiyo.

Mumeo mwambie miaka tisa paka hajazeeka, wengi wanafika kumi na tano. Na wapo wanaotibiwa vizuri miezi ya mwanzo wakafika mahali hawahitaji sindano tena, sio wote, ila wapo, na ukiendelea kupima ndo utaijua siku hiyo ikifika. Miguu nayo huwa inarudi taratibu, ipe miezi. Ikitokea wiki kadhaa dozi inapanda tu na sukari haisikii, muombe dokta aangalie meno, mkojo, na akuulize kama Kibonge aliwahi kuchomwa sindano za muwasho za steroidi, hizo zinaharibu kabisa hesabu.

SWALI

Daktari, paka wetu amepatikana na sukari juzi na nyanya yangu anatumia metformin, zile tembe za sukari. Si tunaweza kumkatia robo tembe tu badala ya kumdunga kila siku?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa

JIBU

Hapana. Kwa paka hiyo dawa haijaonyesha msaada wa maana na inawaharibu tumbo, mtakuwa mmepoteza wiki ambazo ndizo za thamani zaidi, na nyanya mmempunguzia dozi yake. Miaka ya karibuni zimetoka dawa za mdomo za paka hasa, Marekani ziliidhinishwa kuanzia mwisho wa 2022, lakini hazimfai kila paka na zinataka vipimo vya damu kwanza. Sindano ya insulini ni nyembamba kuliko mwiba wa samaki, wengi hawageuki hata kuacha sahani. Mdungeni wakati anakula, kwenye ngozi ya ubavuni, mkibadilisha upande.

SWALI

Umeme kwetu unakatika masaa sita hadi nane. Insulini ya paka naihifadhije, naweza kuiweka friza ipate baridi ya akiba?

Baba Aisha, Mbagala

JIBU

Friza usithubutu, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Friji ikikaa imefungwa inashika baridi kama masaa manne, kwahiyo waambie watoto wasifungue fungue. Zaidi ya hapo tumia chupa ya chai ya kuhifadhi joto, vipande vya barafu chini, kitambaa kikavu kinene juu yake, afu kichupa ndani ya mfuko, kisigusane na barafu. Umeme ukiwepo kiweke rafu ya katikati, mlangoni panapata joto kila mtu anapofuata maji ya kunywa. Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua, na siku zake zikiisha kadri karatasi ya ndani inavyosema nunua kingine hata kama kimebaki nusu. Na kikishapata joto kali, tuseme kilisahaulika juu ya kabati kutwa nzima ya Januari, usikitumie kwa sababu tu bado kinaonekana sawa.