"Nisaidie" ni neno gumu

Nilisoma falsafa miaka mitatu pale seminari ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda, kabla sijakubali kwamba upadre haukuwa wangu. Nikarudi Busia kuuza mahindi na maharage. Watu wakiniuliza falsafa ilinipa nini, nilikuwa nacheka tu, mpaka siku mdogo wangu aliponinunia.

Alikuwa amekuja na ombi: "Kaka, nisaidie laki tano nimalizie pikipiki." Nikampa. Mwaka ukapita. Yeye yuko stejini kila asubuhi, abiria wa mpakani hawaishi (jina boda boda si lilizaliwa hapahapa kwetu?), mimi nasubiri. Nilipomdai mbele ya mama, alishangaa kwelikweli. "Si ulinisaidia?" Basi tukarushiana maneno: wewe huna shukrani, wewe una roho mbaya. Miezi ikapita hatusalimiani.

Ndipo nikamkumbuka Socrates, yule mwanafalsafa mzee wa Athens, Ugiriki ya kale, ambaye hakuandika hata kitabu kimoja. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu maana ya maneno waliyoyatumia kwa kujiamini. Alikutana na mtu aitwaye Euthyphro penye mahakama, huyo anakwenda kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji, ana hakika huko ndiko kumcha Mungu. Socrates akamuuliza tu: kumcha Mungu ni nini? Kila jibu lilipopimwa, likaanguka. Nami nilikuwa nadai pesa kwa neno nisilolipima. "Nisaidie" kwetu ni nipe, ni nikopeshe, ni nishikie mzigo huu kidogo.

Ila ukitaka kumuiga yule mzee, chunga ulimi. Kwa Kiswahili, "una maana gani?" ni nusu ya ngumi. Ndivyo nilivyomuuliza mdogo wangu mara ya kwanza, akainuka akaenda zake. Hata Athens walimchoka Socrates, wakamhukumu kifo mwaka 399 kabla ya Kristo, akiwa na miaka kama 70.

Mara ya pili nilianza na kosa langu: "Siku ile nilidhani nakukopesha, ila sikusema. Wewe ulielewaje?" Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza. Baba aliuza ng'ombe ili mimi nisome, yeye akaachia sekondari katikati. Laki tano aliiona ni zamu yake imefika. Miaka yote hiyo, hesabu hiyo sikuwahi kuipiga. Tukakubaliana arudishe laki mbili, na mama akatupikia.

Siku hizi mteja akisema "nisaidie gunia moja", namuuliza kwa upole palepale: ni mkopo wa mpaka lini, au nyumbani hali ni mbaya? Wapo wanaokasirika, wakahamia duka la jirani.

Juzi nilimwomba mdogo wangu anisaidie pikipiki nipeleke mzigo Masafu. Akaitoa funguo mfukoni, lakini hakuiachia.

"Kaka, kusaidia huko kuna mafuta ndani yake, au hakuna?"