Barua za Wasomaji: Baiskeli ya Umeme Hadi Korongo la Ol Njorowa

*Safari hii tumechagua barua zinazohusu matembezi ya nusu siku katika hifadhi ya taifa ya Hell's Gate, kaunti ya Nakuru: kuendesha baiskeli ya umeme kutoka lango la Elsa, kisha kushuka korongoni kwa miguu pamoja na mwongozaji.*

Wahariri, hamjambo? Sisi ni walimu sita. Tunataka kukodi baiskeli za umeme Naivasha mjini, tuziendeshe hadi Hell's Gate, tushuke korongoni, halafu turudi mjini kabla ya saa saba mchana tuwahi matatu ya kurudi nyumbani. Mwenye baiskeli anasema betri inakwenda kilomita 60. Tumwamini? — Mwalimu, Kisumu

Hatujambo, Mwalimu. Kilomita 60 zinapatikana kwenye lami tambarare, mwendeshaji akiwa mwepesi na mota ikisaidia kwa kiwango cha chini kabisa. Njia yenu si hiyo. Badala ya kuuliza kilomita, soma karatasi iliyobandikwa kwenye betri. Utakuta namba mbili, volti na ampea-saa. Zizidishe. Betri ya volti 36 na ampea-saa 13 ina wati-saa 468, na hiyo ndiyo pesa mliyo nayo mfukoni.

Matumizi yako hivi: kwenye lami, mtu wa kilo 70 hadi 75 anayekanyaga kwa bidii hutumia wati-saa 10 hivi kwa kilomita. Kwenye changarawe na vumbi la Hell's Gate, weka 15 hadi 18. Kutoka barabara ya Moi South Lake hadi lango la Elsa ni kilomita 2, na kutoka langoni hadi kituo cha askari kilicho juu ya korongo ni kama 8. Kwenda na kurudi ni kilomita 20, yaani wati-saa 360 mkihesabu kwa mkono mzito. Zinabaki 108, na hiyo ni akiba nzuri. Lakini mkianzia mjini mnaongeza zaidi ya kilomita 30 za lami, wati-saa 300 nyingine, na jumla inakuwa 660. Betri itazimika mkiwa njiani kurudi, na hapo mtakuwa mnakanyaga chuma cha kilo 25 kwa nguvu zenu wenyewe, jua likiwa utosini.

Kwa hiyo pakieni baiskeli kwenye gari hadi kwenye njia panda ya lango la Elsa. Kabla ya kuzifunga juu ya keria, toeni betri zote mzipakate ndani ya gari, maana kishikilio cha betri hakikutengenezwa kubeba mitikisiko ya baiskeli iliyolala ubavu. Kamba ipite kwenye fremu, isipite kwenye waya wa mota wala kwenye diski ya breki. Diski ikipinda kidogo tu itasugua safari nzima na kula betri yenu.

Betri ya hesabu hii ikichajiwa kwa chaja ya ampea 2 huchukua saa sita hadi saba. Laleni Naivasha, muulize ni lini betri ziliwekwa kwenye chaja, na mkague kila moja asubuhi. Aliye mzito kuliko wenzake apewe betri kubwa kuliko zote. Tumeona vikundi vikigawa baiskeli kwa rangi, na hilo ni kosa.

Jambo la mwisho kuhusu betri: msiziamini zile taa za kiwango cha betri mnapopanda mlima. Mota ikivuta sana, volti hushuka kwa muda na taa tano huonekana mbili. Someni kiwango mkiwa tambarare, miguu imetulia. Mkifika kituo cha askari na betri iko chini ya nusu, mrudi kwa msaada namba moja, yaani kiwango cha chini kabisa cha mota, tangu mwanzo, wala msingoje taa ya mwisho.

Likizo ya Aprili ndiyo nafasi pekee ya kuwapeleka wanangu, mmoja ana miaka 13 na mwingine 16. Jirani ananiambia nisithubutu kushuka korongoni mwezi huo. Anaogopesha bure? — Mama Wawili, Nakuru

Jirani yako anakutakia mema, Mama. Mafuriko ya ghafla yameua watu katika korongo lile Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mwezi ambao wengi hawauhesabu kuwa wa masika. Tunaomba ulisome jibu hili hadi mwisho kabla ya kuamua.

Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji. Zamani ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yake yalitokea kusini kupitia hapo. Ziwa lilipungua, lakini mfereji ulibaki, na mpaka leo ndiyo njia ya maji ya miteremko inayouzunguka. Udongo wa huko ni majivu ya volkano. Mvua kubwa ikiupiga, uso wake hujifunga na maji huteleza juu badala ya kuzama. Kisha maji ya eneo pana yanakuja kupenya mahali ambapo watu wawili hawawezi kupishana. Maji yanayofika kifundo cha mguu kwenye uwanda yanaweza kufika kifuani mle ndani, tena kwa dakika chache.

Ndiyo maana kutazama anga juu ya kichwa chako hakutoshi. Chini ya korongo unaona ukanda mwembamba tu wa mbingu, na unaweza kuwa wa buluu kabisa huku mvua ikinyesha kilomita kadhaa juu yenu. Uamuzi hufanywa juu, kwenye kituo cha askari, kabla ya mguu wa kwanza kushuka. Muulize mwongozaji maswali matatu. Mvua ilinyesha jana jioni au usiku? Kuna wingu zito upande ambao maji hutokea? Njia za kutokea ziko wapi, na kutoka moja hadi nyingine ni dakika ngapi? La tatu mwambie awaeleze watoto wenyewe. Asiyeweza kulijibu papo hapo, usimfuate.

Mkiwa chini, dalili huja mapema kuliko maji yenyewe: kijito kilichokuwa safi kinageuka rangi ya chai, vijiti na majani vinaanza kuelea, upepo baridi unavuma ghafla, au kunasikika mvumo kama wa lori lililo mbali. Ukiona moja kati ya hizo, pandeni. Msikimbie kufuata mkondo, maji yatawashinda mbio. Pandeni ukingo ulio karibu hata kama si njia rasmi, na mabegi yaacheni.

Aprili inawezekana, ila kwa masharti. Mvua za huku mara nyingi huja alasiri. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo muwe langoni saa kumi na mbili na nusu, mfike kituo saa moja na robo, mshuke saa moja na nusu, na muwe juu tena kabla ya saa nne. Usiku ukinyesha, acheni korongo. Endesheni baiskeli tu, pitieni Fischer's Tower, lile jabali la mita 25 karibu na lango, mtazame pimbi wanavyoota jua, mrudi nyumbani. Watoto watanung'unika kidogo. Waache wanung'unike.

Kuna hatari nyingine ambayo hailetwi na mvua. Mle ndani kuna chemchemi za maji moto, kwani joto lile lile la ardhini ndilo linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria jirani. Baadhi ya maji yanayochuruzika ukutani yanaunguza ngozi. Watoto wasishike maji yoyote kabla mwongozaji hajayagusa. Wavae viatu vyenye meno, si raba laini za shule, kwa sababu mwamba wenye unyevu huteleza kama sabuni na mahali pengine mtashuka kwa kushikilia kwa mikono miwili. Maji ya kunywa beba lita moja na nusu kwa kila mtu, yakae mgongoni ili mikono ibaki wazi.

Naweza kulipa langoni kwa pesa taslimu? — Msomaji, Kakamega

Hapana. Malipo ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na M-Pesa inakubaliwa humo. Lipa ukiwa bado mjini penye mtandao mzuri, uhifadhi risiti kwenye simu, na ubebe kitambulisho cha taifa ili upate kiwango cha raia. Malipo ya mwongozaji wa korongo ni kando. Mkubaliane kabla ya kushuka.

Baiskeli hizi hazina kelele. Je, si vizuri zaidi kwa kutazama wanyama? — Mpenda Ndege, Gilgil

Kwa pundamilia, swala na twiga, ndiyo. Kwa nyati, kimya hicho ndicho hatari. Nyati aliyelala nyuma ya vichaka vya leleshwa akishtukizwa na kitu kinachokuja kwa kasi hana muda wa kuondoka, atakuja. Penye vichaka vilivyokaribiana punguza mwendo hadi kilomita 10 kwa saa na mzungumze kwa sauti ya kawaida. Mkimwona nyati karibu na barabara, simameni mbali, mkusanyike pamoja, msubiri asogee. Kukimbiza baiskeli pembeni yake eti ina mota ni mchezo mbaya.

Kwenye kituo cha askari tatizo ni nyani. Hujua zipu na hujua mifuko ya plastiki. Usiache chakula kwenye baiskeli. Zima umeme, toa ufunguo wa betri, ondoa skrini ikiwa ni ya kuchomoka, na fungeni baiskeli mbilimbili kwa mnyororo mmoja.

Nina baiskeli yangu yenye mota kwenye gurudumu la nyuma. Mara mbili imenisukuma nje ya kona penye vumbi, ingawa nilikuwa nimeacha kukanyaga. Na nikipata pancha huko mwituni nitafanyaje na waya zile? — Fundi Mwanafunzi, Naivasha

Kona kwanza. Baiskeli yako inaelekea ina kihisi kinachosoma mzunguko wa pedali tu, hakipimi nguvu ya mguu. Ukiacha kukanyaga, mota huendelea kusukuma kwa muda mfupi, na kwenye majivu laini muda huo unatosha kukuangusha. Wenzo wa breki za baiskeli nyingi za umeme una swichi inayokata mota. Kabla ya kona, gusa breki kidogo tu bila kuikaza. Mota itanyamaza, kisha uingie konani gurudumu likizunguka huru. Jaribu swichi hiyo nyumbani: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, gusa breki. Isipokata, usiende nayo Hell's Gate. Presha nayo punguza. Kwa tairi ya inchi 2.2 na mtu wa kilo 75, psi 25 hadi 30 inashika vumbi vizuri kuliko 45.

Sasa pancha. Miba ya migunga haina huruma, hivyo ni busara kutia dawa ya kuziba ndani ya tyubu kabla ya safari. Mwiba ukishinda dawa, usikimbilie kufungua gurudumu. Zima umeme, toa betri, laza baiskeli upande usio na cheni. Toa ukingo mmoja wa tairi, vuta nje kipande cha tyubu kilichotoboka, na pitisha kitambaa ndani ya tairi utafute mwiba, si kidole. Sugua kwa msasa, paka solusheni, subiri dakika tano hadi ing'ae kidogo tu na isinate kama uji, ndipo ubandike kiraka.

Tyubu ikiwa imepasuka kabisa, itabidi gurudumu litoke. Tafuta kiungo cha waya karibu na ekseli na ukivute moja kwa moja, usikizungushe, kwani ndani kuna pini nyembamba. Nati nyingi za mota hizo ni spana namba 18, na spana hiyo haimo kwenye vifaa vya kawaida vya baiskeli, kwa hiyo ibebe. Utakapofungua utaona washa, ile pete bapa ya chuma, yenye jino. Piga picha jinsi ilivyokaa. Jino hilo huingia kwenye nafasi ya fremu kuzuia ekseli isizunguke. Ukiirudisha vibaya au ukiisahau, mota ikivuta ekseli itajizungusha na kusokota waya hadi ukatike. Mafundi wengi wazuri wa baiskeli za kawaida huikosea washa hii kwa sababu kwenye baiskeli zao haina kazi.

Ukirudi, usiipeleke penye mashine ya kuoshea magari. Maji ya presha huingia kwenye beringi na ndani ya mota. Brashi, kitambaa chenye unyevu na mafuta makavu ya cheni vinatosha.

Mimi niko karibu zaidi na volkano ya Menengai. Betri ya wati-saa 360 itanifikisha ukingoni kutoka mjini, na je, itajichaji nikiteremka? — Kijana wa Section 58, Nakuru

Itakufikisha. Jiji liko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kilele cha Menengai ni mita 2,278. Kuinua kilo 105, yaani wewe, baiskeli na begi, kwa tofauti hiyo kunahitaji wati-saa 122. Mota hupoteza takriban robo ya umeme kwa joto, hivyo hata ikifanya kazi yote peke yake ni 160 hivi, na ukiongeza msuguano wa barabara weka 200.

Shida yako ni joto. Mota ya gurudumu ikipanda polepole chini ya kilomita 10 kwa saa, umeme mwingi hugeuka joto badala ya mwendo. Kanyaga kwa gia nyepesi, na ukifika nusu ya mlima weka mkono karibu na mota. Ikiwa huwezi kuishikilia, pumzika dakika kumi.

Kujichaji sahau. Mota nyingi za aina hii zina gia ndani na hujiachia huru zikiteremka, hazirudishi kitu. Utateremka kwa breki tupu, kwa hiyo zikague kabla hujapanda. Padi ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Ukiteremka finya, achia, finya tena, ili diski ipate hewa.