Jibu: Wafanyakazi wanasahau semina ya usafi

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wako wa kiwanda cha sangara hapo Mwanza wanasahau semina ya usafi ndani ya wiki moja. Sidhani ni uzembe. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi zaidi mwanzoni; kukirudia kwa vipindi hukifanya kikae.

Kwa hiyo slaidi kutwa nzima ukumbini (pamoja na soda) hazisaidii sana. Kabla ya zamu, dakika tano tu, muulize mfanyakazi mezani kwenye minofu: "Kisu kimedondoka sakafuni, unafanyaje?" Ajibu bila karatasi, kisha aonyeshe. Akikosea, msahihishe palepale. Swali hilohilo lirudi kesho, wiki ijayo, mwezi ujao. Na wasimamizi nao waulizwe, maana hao ndio mabingwa wa kuruka kunawa mikono.